Nauli ya Bure na Foleni ya Mjini

Katika lugha yetu neno "bure" hubeba maana mbili zisizopatana. Kitu cha bure ni kile kinachopatikana bila malipo, na kazi ya bure ni ile isiyoleta faida yoyote. Mtu akisema "amenipa bure" anashukuru. Akisema "nimehangaika bure" analalamika. Nilipokuwa nikifundisha nilipenda kuwapa wanafunzi neno hilo walitungie sentensi, maana lilionyesha upesi nani anaisikia lugha na nani anaikariri tu. Sasa nimestaafu na sina tena darasa, lakini neno hilo limenirudia kwa njia nyingine. Limenirudia kwa sababu ya mabasi.

Hapa Dar es Salaam, ninakoishi, foleni ni mazungumzo ya kila siku kama mvua ilivyo kwa mkulima. Mtu akichelewa msibani, sababu ni foleni. Fundi asipotokea, sababu ni foleni. Na katika mazungumzo hayo, iwe barazani au kwenye kijiwe cha kahawa, hakosekani mtu wa kutoa dawa moja: "Serikali ingeweka mabasi ya bure, kila mtu angeacha gari lake nyumbani, na foleni ingekwisha kesho." Wasikilizaji huitikia kwa kichwa. Ni wazo linalopendeza masikio, nami silidharau. Lakini nilisomesha historia kwa miaka mingi kabla ya kuwa mwalimu mkuu, na tulipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mwanafunzi akitoa hoja, usimkubalie wala usimkatalie papo hapo. Muulize kwanza: jambo hilo limewahi kufanyika wapi, na likawaje? Ndilo swali ninalotaka kuliuliza hapa.

Limefanyika, tena si mara moja. Mji wa Roma ulijaribu kwa siku chache mwishoni mwa mwaka 1971 na mwanzoni mwa 1972. Abiria waliongezeka sana ndani ya mabasi, lakini magari barabarani hayakupungua kwa kiasi cha kuonekana. Mwaka 1973 ukafuata mji wa Bologna, kaskazini mwa Italia, uliokuwa ukiongozwa na chama cha Kikomunisti. Huko mabasi yalifanywa bure kwa kila mtu saa za asubuhi watu wanapokwenda kazini, na saa za jioni wanaporudi. Lakini wakuu wa Bologna hawakuishia kwenye nauli. Walitenga njia za mabasi peke yake, na wakayazuia magari ya watu binafsi kuingia katika sehemu kubwa ya mji wa kale. Naomba msomaji aliweke jambo hili akilini, maana tutalirudia: walitoa kwa mkono mmoja, wakazuia kwa mkono wa pili.

Baada ya hapo ulikuja mji wa Hasselt, nchini Ubelgiji. Ni mji mdogo, wakati huo ukiwa na watu wapatao 70,000, lakini umesemwa sana katika habari hizi. Katika miaka ya 1990 mji huo ulikuwa umezungukwa na barabara mbili za duara, zote zimejaa magari, na palikuwa na mpango wa kujenga ya tatu. Meya Steve Stevaert na wenzake waliuacha mpango huo. Badala yake waliipunguza upana barabara ya duara ya ndani, wakapanda miti, wakawapa waenda kwa miguu na wapanda baiskeli nafasi iliyokuwa ya magari, wakaongeza mabasi na njia zake, na tarehe 1 Julai 1997 wakafuta nauli. Mwaka 1996 mabasi ya mji yalikuwa yamebeba abiria 360,000 hivi. Miaka kumi baadaye idadi ilikuwa imepita milioni 4 kwa mwaka.

Mtu akisikia tarakimu hizo anaweza kudhani kwamba maelfu ya watu waliyafungia magari yao nyumbani. La hasha. Waliokwenda kuwauliza abiria wapya walikotoka waligundua kwamba walioacha gari walikuwa sehemu ndogo. Wengine walikuwa watu ambao zamani wasingesafiri kabisa, wengine walikuwa wakitembea kwa miguu, wengine wakiendesha baiskeli, na wengine ni abiria wale wale wa zamani ambao sasa walipanda mara nyingi zaidi. Tena gharama zilipanda mwaka hadi mwaka, kwa sababu abiria wakiongezeka mabasi nayo hayana budi kuongezwa, na abiria hao hawaleti senti. Mwisho wa mwaka 2013 mji ulirudisha nauli kwa watu wazima walio wengi, ukawaachia vijana bure yao.

Mwaka huo huo ambao Hasselt ulikuwa ukifunga mlango, mji mwingine mkubwa zaidi ulikuwa umeufungua. Tallinn, mji mkuu wa Estonia, una watu zaidi ya 400,000. Wakazi waliulizwa kwa kura mwezi Machi 2012, na watatu katika kila wanne waliopiga kura wakaafiki. Kuanzia tarehe 1 Januari 2013, mkazi aliyejiandikisha alipanda basi au tramu bila nauli. Watafiti kutoka Stockholm waliwauliza wakazi safari zao kabla ya mabadiliko na tena baada ya mwaka mmoja. Kabla, katika kila safari 100, safari 55 zilikuwa za usafiri wa umma. Baadaye zilikuwa 63. Safari za miguu zilishuka kutoka 12 hadi 7. Safari za gari zilishuka kutoka 31 hadi 28. Ukizitazama hesabu hizo kwa jicho la mwalimu, utaona kwamba sehemu kubwa ya nyongeza ya mabasi ilitoka kwa waliokuwa wakitembea, wala si kwa waliokuwa wakiendesha. Na yale magari yaliyobaki yaliendeshwa mwendo mrefu kuliko zamani, kwa hiyo barabara haikupata nafuu iliyotarajiwa.

Nisieleweke kwamba Tallinn ilihangaika bure. Watu wasio na kazi, wazee, vijana na wenye kipato kidogo walipata nafasi ya kwenda huku na huko kutafuta riziki. Hazina ya mji nayo ilipata kitu, maana wengi waliokuwa wakiishi pale bila kujiandikisha walijiandikisha ili wapate kadi, na sehemu ya kodi yao ya mapato ikaingia mjini badala ya kwenda kwingine. Faida hizo ni za kweli. Ila si ile iliyotajwa kwenye kijiwe chetu cha kahawa.

Luxembourg ilifanya kwa nchi nzima, ikiwa ya kwanza duniani, mwishoni mwa Februari 2020. Ni nchi ndogo na tajiri, yenye magari mengi kwa idadi ya watu kuliko karibu nchi zote za Ulaya, na nauli zilikuwa zikilipia chini ya sehemu moja katika kumi ya gharama za usafiri. Kwao kufuta nauli kulikuwa kama tajiri kufuta deni la muuza nyanya. Wiki chache baadaye ugonjwa wa korona uliwafungia watu majumbani, kipimo kikaharibika. Lakini viongozi wa Luxembourg wenyewe walikuwa wakisema tangu mwanzo kwamba kufuta nauli ni jambo la haki ya jamii, na kwamba kazi ya kupunguza magari itafanywa na reli, tramu na mabasi mazuri zaidi. Ninawasifu kwa kutochanganya mambo mawili.

Sasa tuulize sababu. Kwa nini mwenye gari haachi gari lake hata basi likiwa bure? Jibu liko katika hesabu yake mwenyewe. Mtu anayetoka Mbezi au Tegeta kwenda mjini kwa gari anachoma mafuta yenye thamani ya nauli nyingi za daladala kwa siku moja. Tayari analipa zaidi, na analipa kwa hiari. Analipa nini? Analipa asisimame juani kituoni bila kujua basi litakuja saa ngapi. Analipa asibanwe mlangoni na shati lake la kazini. Analipa ili jioni apite sokoni na kumchukua mtoto shuleni. Basi likiwa bure lakini likabaki limekwama kwenye foleni ile ile, nyuma ya gari lake, umemwondolea gharama ambayo haikuwa ikimsumbua na kumwachia kero zote zilizokuwa zikimkimbiza.

Iko sababu ya pili. Tuseme wachache wanakubali kuacha magari. Barabara inapata nafasi kidogo. Nafasi hiyo haikai wazi, maana wako watu waliokuwa wakiepuka kuendesha kwa ajili ya foleni hiyo hiyo, na wakisikia njia imefunguka kidogo wanatoka. Barabara ya mjini haikai tupu, kama vile mtungi usiokaa mkavu nyumba yenye watoto. Anayetaka kupunguza magari hana budi kufanya mambo mawili pamoja: kulipa basi nafasi, na kulitoza gari nafasi linayoichukua.

Kisa kinachonifundisha zaidi ni cha London, kwa sababu ndani yake mtu mmoja alilishika tatizo hili mara mbili kwa njia mbili. Mwezi Mei 1981 chama cha Labour kilishinda uchaguzi wa Baraza Kuu la London, na Ken Livingstone akawa kiongozi wake. Walikuwa wameahidi kupunguza nauli. Oktoba mwaka huo nauli za mabasi na treni za chini ya ardhi zilishushwa kwa karibu theluthi moja, na pengo likawa lizibwe kwa kodi za wenye majengo. Abiria waliongezeka. Lakini Bromley, eneo la pembezoni ambalo halikuwa na kituo hata kimoja cha treni hizo, lilikwenda mahakamani likisema kwamba watu wake wanalipia starehe ya wengine. Desemba 1981 majaji wa mahakama ya juu kabisa nchini humo waliamua kwamba Baraza limevunja sheria, na Machi 1982 nauli zikapandishwa karibu mara mbili. Mwaka 1986 serikali ya Margaret Thatcher ililifuta Baraza lenyewe.

Livingstone alirudi mwaka 2000, safari hii akiwa meya wa kwanza wa London kuchaguliwa moja kwa moja na wananchi. Hakuanza tena na nauli, alianza na barabara. Tarehe 17 Februari 2003 kila mwenye gari aliyeingia katikati ya jiji siku ya kazi alitakiwa kulipa pauni 5, na siku hiyo hiyo yakaongezwa mabasi 300. Katika mwaka wa kwanza magari yaliyoingia eneo hilo yalipungua kwa asilimia 18 hivi, na ucheleweshaji ukapungua kwa karibu asilimia 30. Mapato yake, kwa mujibu wa sheria, yalikwenda kwenye usafiri. Miaka iliyofuata ucheleweshaji ulipanda tena kwa sababu barabara zilichimbwa mno na mahitaji mengine yakaingia, kwa maana dawa yoyote hutaka kuendelezwa. Kisha, Septemba 2005, watoto wa chini ya miaka 16 walianza kupanda mabasi ya London bila nauli, na mwaka 2006 wakaongezwa vijana wa miaka 16 na 17 walio masomoni.

Tazama mpangilio huo. Gari lilitozwa kwa ajili ya foleni. Mtoto alisamehewa nauli kwa ajili ya shule. Kila jambo lilipewa sababu yake, na kila jambo lilikuwa na mlipaji anayejulikana.

London haikuwa ya kwanza katika kutoza magari. Singapore ilitangulia Juni 1975. Gari lililotaka kuingia katikati ya mji asubuhi lilinunuliwa kibali cha dola 3 za huko kwa siku, isipokuwa gari lenye watu wanne au zaidi, ambalo lilipita bila malipo. Msongamano wa saa hizo ulishuka kwa zaidi ya asilimia 40. Singapore ya wakati ule haikuwa tajiri kama ilivyo leo, na treni yake ya mjini haikufunguliwa hadi 1987. Walianza na mabasi na vibandiko vya karatasi kwenye vioo vya magari. Hilo nalitaja kwa wale wanaodhani kwamba mambo haya yanahitaji kwanza mashine za ajabu.

Turudi nyumbani. Dar es Salaam nayo ina historia yake ya nauli, na nyingine nimeiona kwa macho yangu. Shirika la Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA, liliundwa mwaka 1974 baada ya kampuni ya DMT kugawanywa. Nilikuwa mwalimu kijana wakati huo, nikitegemea mabasi hayo. Baadaye yalikuja mabasi ya Ikarus kutoka Hungaria, na yale marefu yenye kiungo katikati watu waliyaita kumbakumba. Nauli ilipangwa na serikali, na ilipangwa iwe ndogo ili kabwela aimudu. Nia ilikuwa njema. Lakini bei ya mafuta duniani ilipanda mwaka 1973 na tena 1979, fedha za kigeni zikaadimika, vipuri vikakosekana, tukaingia na vita ya Kagera. Nauli ile ndogo haikutosha kununua tairi, na hazina haikuwa na kitu cha kuziba pengo. Basi likiharibika lilivutwa kando, likanyofolewa vyuma ili kuokoa jingine, hata yadi ikawa kama makaburi.

Hapo ndipo tulipojifunza, kwa shida, kwamba nauli ndogo isiyo na mlipaji wa pengo huishia kuwa hakuna basi. Mfanyakazi alikuwa na haki ya kusafiri kwa bei nafuu, ila chombo hakikuwapo. Wakatokea watu wenye pikapu na malori madogo yaliyowekewa mabenchi, tukakaa tukitazamana, tukayaita chai maharage. Hayakuwa halali, na mara kwa mara yalikamatwa, lakini mji mzima uliyahitaji. Mwaka 1983 serikali iliruhusu mabasi ya watu binafsi, na kwa kuwa nauli yake ilikuwa shilingi tano, sarafu iliyoitwa dala, tukapata neno daladala. Mabasi hayo yaliuokoa mji. Kwa hilo ninayapa heshima yake.

Ila daladala lilikuja na utaratibu wake, na utaratibu huo ndio uliomkwaza mwanafunzi. Mwenye gari humkabidhi dereva basi asubuhi, na jioni anataka kiasi alichokipanga, kinachoitwa hesabu. Mafuta ni juu ya dereva. Kinachozidi baada ya hesabu na mafuta ndicho dereva na kondakta wanachogawana wakale na watoto wao. Katika mpango huo kila kiti ni chakula. Serikali ikatangaza nauli nafuu ya mwanafunzi, jambo jema kabisa, lakini haikusema nani atalipa tofauti. Tofauti hiyo ikaangukia mabegani mwa watu wawili wasio na mshahara. Basi nini kingetokea? Konda alisimama mlangoni akaweka mkono wake kama kizuizi, akapaza sauti: "Wanafunzi wawili tu!"

Nilikuwa mkuu wa shule pembezoni mwa jiji kwa miaka mingi, na nilikuwa na desturi ya kusimama getini asubuhi nikiandika majina ya wachelewaji katika daftari. Baada ya muda daftari lile lilianza kunisomea habari nyingine. Majina yaliyojirudia hayakuwa ya watoto wavivu. Yalikuwa ya watoto waliokaa mbali na waliopandia vituo vya katikati ya njia, ambako basi hufika limekwisha jaa watu wazima. Nakumbuka binti mmoja wa kidato cha pili, mtoto hodari wa hisabati, aliyefika siku tatu mfululizo saa tatu asubuhi. Nikamwita.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mwanangu, unaamka saa ngapi?"

"Saa kumi alfajiri, mwalimu."

"Saa kumi, na unafika saa tatu?"

Akatazama chini, kisha akasema kwa upole, "Mwalimu, mimi sichelewi kuamka. Nachelewa kuchukuliwa."

Sikuwa na la kumjibu zaidi ya kumruhusu aingie darasani. Lakini kila mzazi wa jiji hili anajua kilichofichika ndani ya maneno kama hayo. Msichana anayekaa kituoni kuanzia alfajiri, akikataliwa na basi la kwanza, la pili na la tano, mwisho hutokea mtu wa kumwambia "panda, nitakupeleka." Mara nyingine ni msamaria. Mara nyingine si msamaria. Walimu wenzangu tulizika ndoto za wasichana wengi ambao safari yao ya kuacha shule ilianzia kwenye lifti ya namna hiyo. Sitaki kusema zaidi ya hapo, maana wengine sasa ni mama za watu na wana heshima zao.

Simlaumu konda. Nimewahi kuwafundisha baadhi yao. Mtu hawezi kutakiwa kuwa mfadhili wa elimu ya taifa kwa mfuko wake ulio na matundu, wakati sisi wengine tunapita na magari yetu bila kuchangia chochote. Kosa liko katika kutoa msamaha bila kutaja mlipaji. Ni lile lile lililowapata UDA, ila safari hii mzigo ulitolewa kwenye shirika ukawekwa kwenye mabega ya vijana wawili na, kupitia kwao, juu ya mtoto mwenye sare.

Mwezi Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yalianza kati ya Kimara na Kivukoni, yakiwa na njia yao peke yao. Hapo ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza katika jiji hili jambo ambalo Bologna ililifanya mwaka 1973. Mtu aliyekaa ndani ya gari lake zuri pale Manzese, hasogei, alitazama pembeni akaona basi la kabwela likimpita. Safari iliyoweza kuchukua saa mbili wakati wa foleni ilishuka chini ya saa moja. Baadaye abiria walikuwa wengi kuliko mabasi, na mafuriko ya Jangwani yalileta hasara kwenye karakana, ikawa shida juu ya shida. Lakini somo la siku zile za mwanzo halikufutika. Mabasi yale hayakuwa bure. Nauli yake ilikuwa shilingi 650 kwa safari, zaidi ya daladala. Na bado wako watu wenye magari waliokuwa wakiyaulizia. Kilichowavuta ni mwendo na uhakika.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, nikiulizwa kama mabasi ya bure yataondoa foleni, historia inanipa jibu fupi: peke yake, hapana. Foleni ni ugonjwa wa nafasi, na hutibiwa kwa kugawa nafasi. Basi lenye watu 60 lipewe njia yake, na gari lenye mtu mmoja lilipie eneo linalolikalia, iwe kwa maegesho au kwa kuingia katikati ya mji saa za msongamano. Lakini nikiulizwa kama nauli ya bure ina kazi yoyote, najibu kwamba inayo, tena kubwa. Inatibu ugonjwa mwingine, ule wa kuachwa kituoni. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, na aliye ndani ya gari hamjui aliyekataliwa mlangoni mwa basi.

Kama ningekuwa na sauti katika vikao vinavyoamua mambo haya, nisingeomba bure kwa wote. Nchi yetu haina hazina ya Luxembourg, na hata Hasselt walichoka. Ningeomba tuanze na wenye sare, na ningeomba wasipandishwe kwa huruma ya mtu. Kila mwanafunzi anayepanda ahesabiwe, na mwenye basi alipwe kwa kila kichwa nauli kamili ya mtu mzima kutoka mfuko wa umma. Siku hiyo konda atawaita wanafunzi kwa sauti ile ile anayowaitia wafanyabiashara wa Kariakoo, maana kiti chao kitakuwa na thamani sawa. Fedha ziko barabarani. Sisi wenye magari hulipa tozo katika kila lita ya mafuta ili barabara zijengwe. Si ajabu kutulipisha kidogo zaidi ili barabara hizo zimfikishe mtoto shuleni.

Wapo watakaosema kwamba hilo halitapunguza foleni hata kwa gari moja. Huenda ikawa hivyo, wala silipendekezi kwa sababu hiyo. Foleni ina dawa yake, itakuja polepole na kwa gharama kubwa, na kila njia ya basi itabishaniwa mpaka ijengwe. Mwanafunzi hawezi kungoja mabishano hayo. Kidato cha pili ni mwaka mmoja tu, na ukipita kwa kusimama kituoni hakuna serikali inayoweza kumrudishia.